Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyekula kwa spana kabla ya usukani

TANGU mashindano ya magari ya Safari Rally yaliporejea kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakifanyika Naivasha nchini Kenya, wapenzi wa magari yanayokimbia porini wamepata tena kitu cha kuangalia kwenye televisheni. Hata hapa Singida, katika kata kama Mwankoko, vijana hukusanyika mbele ya runinga na kubishana nani ataruka tuta na nani atazama kwenye vumbi.

Lakini mkulima anayehesabu bei ya gunia la alizeti kabla ya kubadili tairi moja la pikipiki huwa na swali lingine kabisa. Watu hawa wanakula nini? Gari linagongwa kwenye mawe, springi zinavunjika, tairi zinachanika, na kesho yake mwenye gari anaonekana anacheka. Pesa anaitoa wapi? Ana shamba? Ana duka? Ameajiriwa?

Jibu ni kwamba kwa miaka mingi, mabingwa wakubwa wa mashindano hayo hapa Afrika Mashariki walikuwa watu wenye kazi nyingine. Bert Shankland, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, alikuwa mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikiuza magari hayo Dar es Salaam. Shekhar Mehta, mshindi wa mara tano, alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa Uganda. Naye Joginder Singh, mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu, alikuwa fundi wa gereji.

Katika makala haya tutaangalia maisha ya huyu wa tatu. Tumemchagua kwa sababu hakuanza na mtaji mkubwa, wala hakuanza na gari jipya. Alianza na ujuzi wa mikono. Na kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo anayefikiria kuuza ng'ombe wake ili anunue pikapu kuukuu, maisha ya fundi huyu yana mafunzo mengi kuliko maisha ya tajiri yeyote.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh Bhachu alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 katika mji wa Kericho, magharibi mwa Kenya. Wazazi wake walikuwa Wasingasinga wenye asili ya Punjab, eneo ambalo lilikuwa chini ya Uingereza wakati huo na ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistani.

Kuwepo kwa watu wa Punjab katika mji wa Kericho hakukuwa ajabu. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walileta maelfu ya vibarua na mafundi kutoka India. Miongoni mwao walikuwamo Wasingasinga waliojua useremala, uashi, uhunzi na kazi za mitambo. Baada ya reli kukamilika, wengine walibaki, na katika miaka iliyofuata ndugu zao wakaja. Ndiyo maana kwa vizazi kadhaa, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mtu aliyetafuta fundi wa mashine alielekezwa kwa Singasinga.

Baba yake Joginder alikuja Kenya katika miaka ya 1920 na kufungua gereji Kericho. Alichagua mahali pazuri. Huo ndio wakati makampuni makubwa yalipokuwa yakianzisha mashamba ya chai katika wilaya hiyo. Chai inataka mvua, na mvua ya Kericho hunyesha karibu mwaka mzima. Palipo na mvua na malori, pana matope. Na palipo na matope, fundi hakosi kazi. Tajiri wa shamba anapata faida mwaka huu na hasara mwakani, lakini gari linaharibika miaka yote miwili.

Joginder alikuwa mtoto wa kwanza katika familia kubwa. Alisoma, kisha akajifunza kazi katika gereji ya baba yake, akianza kama walivyoanza mafundi wote wa zamani: kwa kushika spana na kumpa mkubwa ile anayoitaka. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini mtoto anayeifanya kwa miaka michache huanza kutambua ugonjwa wa gari kwa kusikiliza mlio, na hujua ni kifaa gani hufa kwanza kwenye barabara mbovu. Elimu hiyo haikuwa na cheti wakati ule, lakini ndiyo iliyokuja kumlisha.

Kazi ya kuokoa waliokwama

Baadaye Joginder alikwenda Nairobi kufanya kazi ya ufundi. Mwaka 1958 alipata kazi ambayo ilimfaa kuliko nyingine zote. Chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri kuwa askari wake wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yenyewe ilikuwa kupita barabarani na kuwasaidia wanachama ambao magari yao yameharibika njiani.

Ndugu msomaji, hebu itafakari kazi hiyo. Fundi wa gereji ana paa juu ya kichwa, ana jeki kubwa, ana spea kwenye kabati na wenzake wa kuwauliza. Fundi wa barabarani ana mfuko wa spana na jua kali. Gari limekufa mahali lilipokufa, mwenye gari ana haraka, na inabidi ugonjwa ujulikane upesi na dawa ipatikane kwa kile kilichopo. Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku anaona jambo ambalo madereva wengi hawalioni: magari mengi yanayokwama hayaui injini nzima. Yanakwamishwa na vitu vidogo kama feni belti iliyochakaa, bomba la maji lililopasuka, waya uliolegea au nati ambayo haikukazwa.

Mwaka uliofuata, yaani 1959, Joginder aliingia kwenye mashindano ya Safari kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 27. Alimaliza safari nzima, jambo ambalo kwa mgeni wa mashindano yale lilikuwa ushindi tosha.

Mashindano ya barabara zetu

Ili tuelewe alichofanya, ni vizuri kujua mashindano yenyewe yalikuwa ya namna gani. Yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yakaitwa Coronation Safari. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukuwa na uwanja maalumu. Madereva walipita barabara zilezile za kawaida, pamoja na mabasi, ng'ombe, baiskeli na watu wanaokwenda sokoni.

Katika mwaka huo wa kwanza magari yalipangwa kwa makundi kufuatana na bei yake ya dukani. Gari la bei nafuu lilishindana na gari la bei nafuu, na la bei kubwa na la bei kubwa. Magari yalitakiwa kuwa yale yanayouzwa kwa wananchi. Kwa hiyo, tofauti na mbio za Ulaya, Safari ilikuwa kama majaribio ya wazi ya bidhaa. Mtu mwenye duka Morogoro au shamba Eldoret aliweza kuona mwenyewe ni gari gani linavumilia barabara za kwao, kisha akaamua atumie wapi pesa yake. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na si ajabu kwamba magari ya Peugeot yalitapakaa vijijini kwetu yakibeba abiria na mizigo.

Jambo jingine ni majira. Kwa miaka mingi mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, ambapo mvua za masika huwa zimeanza sehemu nyingi. Urefu wake ulikuwa takriban kilomita 5,000, usiku na mchana, kwa siku chache. Kila dakika ya kuchelewa kwenye kituo ilikatwa pointi. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza saba tu.

Tazama takwimu hizo kwa jicho la mfanyabiashara. Magari zaidi ya tisini yanaondoka, saba yanafika. Katika mazingira hayo, swali la nani ana mwendo mkali si la kwanza. La kwanza ni nani atafika.

Gari ambalo wengine walilichoka

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta magari yake kushindana katika Safari. Hayakufanya vizuri. Badala ya kuyarudisha yote Ulaya, magari yaliuzwa huku huku Afrika Mashariki kupitia wakala wa kampuni hiyo mjini Kampala. Mojawapo lilikuwa Volvo PV544, gari lenye mgongo wa mviringo, ambalo umbo lake lilitokana na gari lililobuniwa katika miaka ya 1940. Lilikuwa gari la kizamani hata kwa wakati ule. Kiwandani kwenyewe uzalishaji wake ulikoma mwaka 1965.

Joginder alilichukua gari hilo. Lilikuwa limeshatembea sana na limeshapigwa na Safari ya mwaka uliotangulia. Kwa mtu mwingine hiyo ilikuwa sababu ya kulikataa. Kwa fundi ilikuwa ni gari la bei inayowezekana, lenye mwili imara na injini isiyo na mambo mengi, ambalo kasoro zake zimeshajionyesha. Akishirikiana na mdogo wake, Jaswant, alilitengeneza upya kwa ajili ya Safari ya mwaka 1965. Jaswant ndiye aliyekaa naye kama msoma ramani.

Gari lao lilipewa namba moja, yaani liliondoka la kwanza. Nafasi hiyo ina faida na hasara. Anayetangulia hali vumbi la wenzake, lakini pia hana alama ya tairi mbele yake inayomwonyesha shimo liko wapi na tope lina kina gani. Ndugu hao wawili waliondoka wa kwanza na wakarudi wa kwanza. Peugeot iliyoshika nafasi ya pili ilikuwa nyuma yao kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa dereva wa jamii ya Kiasia katika Safari. Katika Kenya iliyokuwa imepata uhuru Desemba 1963, ambapo kabla ya hapo vilabu na michezo mingi ilitawaliwa na walowezi, mtoto wa fundi wa Kericho kushinda kwa gari lililotumika lilikuwa jambo kubwa. Wananchi wakampa jina la Simba. Nje ya Afrika Mashariki magazeti yalimwita Singasinga anayepaa.

Kwetu wachumi jambo la kutazama ni lile gari. Kiwanda kilikuwa na fedha, wahandisi na madereva wa kimataifa, na kikashindwa nalo. Fundi mmoja na mdogo wake wakashinda nalo. Chuma kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni ujuzi wa aliyelishika na muda aliotumia kuliandaa.

Lancer ndogo mbele ya Porsche

Baada ya mwaka 1965 makampuni ya magari yalimfahamu Joginder. Mwaka 1970 alishika nafasi ya pili akiwa na Datsun. Wakati huo Wajapani walikuwa wanaitumia Safari kutangaza magari yao, na Datsun ilishinda mwaka huo na mwaka uliofuata. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Tangu hapo wenyeji walijua kwamba zama za kushindana wao kwa wao zimekwisha. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia.

Mwaka 1974 Joginder aliingia na Mitsubishi Lancer yenye injini ya cc 1600. Msoma ramani wake alikuwa David Doig. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuwa na Porsche 911, gari la bei kubwa na nguvu nyingi. Joginder alimaliza wa kwanza, Waldegård wa pili. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Mwaka 1976 alirudia tena akiwa na Doig na Lancer. Safari hiyo Mitsubishi ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Alikuwa na umri wa miaka 44, na kwenye barabara za mashindano alikuwa anakutana na madereva ambao walikuwa bado shuleni alipoanza.

Kwa vijana wanaoliona jina la Mitsubishi kwenye Canter na Fuso zinazosomba vitunguu vya Singida, ni vizuri kujua kwamba jina hilo lilipata heshima katika barabara za Afrika Mashariki kwa mikono ya fundi huyu.

Kwa jumla Joginder alishiriki Safari 22, kuanzia mwaka 1959 hadi 1980, na alimaliza 19. Rekodi hiyo inazidi hata vikombe vyake vitatu. Katika mashindano ambayo kuna miaka magari saba tu yalifika, yeye alishindwa kufika mara tatu tu katika miaka 22.

Basi alikula nini?

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Joginder Singh aliishi kwa kazi gani? Kwa miaka yake ya mwanzo, jibu ni rahisi: ufundi. Mbio zilikuwa za siku chache kila mwaka. Chakula, kodi ya nyumba na ada za shule ni vya mwaka mzima, na mwaka mzima huo aliupata kutoka kwenye spana.

Baadaye makampuni yalimtafuta na kumpa magari ya kushindana. Hata hapo, walichokuwa wanakinunua kwake hakikuwa mguu mzito juu ya mafuta. Madereva wa mguu mzito walikuwa wengi. Walinunua uwezo wa kulifikisha gari mwisho wa safari, kwa sababu gari lililokufa njiani halimtangazii mtu biashara. Na uwezo huo aliupata gerejini na katika kazi ya kuokoa waliokwama. Kwa maneno mengine, mapenzi yake ya mbio hayakumtoa kwenye kazi yake. Kazi ndiyo iliyoyabeba mapenzi, na mapenzi yakaja kuitangaza kazi.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Mtu anapenda gari, analinunua, kisha anatafuta kazi ya kulipa. Joginder alianza na kazi, kazi ikamfundisha gari, na gari likaja mwisho.

Hesabu ya Mwankoko

Mwankoko iko ndani ya Manispaa ya Singida, na mji wa Singida hutegemea visima vya huku kwa sehemu ya maji yake. Lakini ukitoka kwenye barabara kubwa, njia ya kwenda shambani ni ileile ya vijiji vingine: mchanga wakati wa kiangazi, tope wakati wa mvua zinazoanza Novemba au Desemba mpaka Aprili. Mazao yanatoka kwa mkokoteni wa punda, kwa bodaboda, kwa toyo na kwa pikapu. Anayemiliki pikapu anaonekana amefika. Je, ni kweli?

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kuonyesha njia tu. Kila mmoja aweke za kwake. Tuseme mtu ameuza ng'ombe na alizeti, akanunua pikapu iliyotumika kwa Sh12,000,000. Kwa siku anasomba mizigo ya Sh60,000. Mafuta yanakula Sh25,000 na dereva anachukua Sh10,000. Zinabaki Sh25,000 mfukoni. Gari likifanya kazi siku 150 kwa mwaka, anapata Sh3,750,000. Jioni anasema ana faida.

Lakini hajahesabu yote. Anaendesha gari kwa fujo na kulizidishia mzigo, hivyo tairi nne za Sh1,000,000 zinaisha ndani ya mwaka. Springi, shokapu, klachi na matengenezo mengine yanamgharimu Sh1,200,000. Bima na ada ni Sh300,000. Na gari lenyewe linachakaa: likidumu miaka sita, kila mwaka linakula Sh2,000,000 za ile bei ya kununulia. Jumla ni Sh4,500,000. Kumbe mwenye gari amepata hasara ya Sh750,000, na hajui, kwa sababu kila siku alishika noti mkononi. Siku gari litakapokufa kabisa, atagundua kwamba alichokuwa anakula ni ng'ombe wake wale aliowauza, kipande kwa kipande.

Sasa tuchukue mtu wa pili, mwenye gari lilelile na barabara ileile. Huyu anabadilisha oili kwa wakati, anakagua nati na feni belti kila asubuhi, hazidishi mzigo na anapunguza mwendo kwenye mashimo. Tairi zake zinakaa miaka miwili, hivyo kwa mwaka ni Sh500,000. Matengenezo yanashuka hadi Sh600,000. Bima na uchakavu havibadiliki. Jumla ni Sh3,400,000. Kwa kuwa gari halilali gereji ovyo, linafanya kazi siku 180, na kwa Sh25,000 ileile kwa siku anapata Sh4,500,000. Baada ya kutoa gharama zote anabaki na Sh1,100,000.

Tofauti kati ya watu hawa wawili ni Sh1,850,000 kwa mwaka, na haikutokana na bei ya mazao wala ukubwa wa injini. Imetokana na kufika. Wa pili ni mtu wa 19 katika 22. Wa kwanza ni miongoni mwa wale wengi walioondoka kwa kishindo na hawakuonekana tena.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maisha ya Joginder Singh, mkulima au mfanyabiashara mdogo anayetaka kuingia katika biashara ya usafiri anaweza kuchukua mambo machache.

Kwanza, ujuzi utangulie gari. Kabla ya kuuza ng'ombe, kijana wa nyumbani apelekwe gereji akashike spana japo kwa msimu mmoja. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na injini moja iliyokufa kwa kukosa maji.

Pili, gari kuukuu si aibu, lakini lazima likaguliwe na mtu anayejua. Joginder alishinda na gari lililotumika kwa sababu alijua limetumikaje na nini kinatakiwa kubadilishwa. Anayenunua kwa kuangalia rangi ananunua matatizo ya mwenzake.

Tatu, chagua gari ambalo spea zake zinapatikana Singida mjini na ambalo mafundi wa karibu wanalijua. Gari zuri ambalo kipuri chake kinatoka mbali litalala wiki tatu katikati ya mavuno, na wiki tatu za mavuno ndizo zenye pesa ya mwaka.

Nne, uchakavu uwekewe akiba. Kila siku ya kazi, fungu litengwe na lisiguswe, hata kama siku hiyo hakuna kilichoharibika. Katika mfano wetu, Sh2,000,000 kwa mwaka zikigawanywa kwa siku 180 ni zaidi kidogo ya Sh11,000 kwa siku. Asiyeweza kuitenga hana biashara ya usafiri. Anauza gari lake taratibu.

Tano, shamba au duka lisiachwe. Kwa wakulima wengi wa kata kama Mwankoko, gari lina faida zaidi linapobeba mazao ya mwenyewe kwa wakati na kujazia kwa mizigo ya majirani, kuliko linapogeuzwa kuwa tegemeo pekee la nyumba. Na kama hesabu haikubali, hakuna ubaya majirani watano wakikodi pikapu moja kwa zamu, au mzigo ukaendelea kwenda kwa punda mpaka mtaji ukue.

Joginder Singh alifariki dunia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Wengi walioandika habari zake walitaja vikombe vyake vitatu. Ni haki yake. Lakini katika barabara zetu za mchanga na tope, ambako hakuna vikombe, ile rekodi nyingine ndiyo yenye mkate. Dereva anayelipeleka gari Singida mjini na vitunguu vyake na kulirudisha jioni likiwa zima, leo, kesho na msimu ujao, ndiye mwenye biashara ya usafiri.